Ukingo wa Sikio, Ukingo wa Jani

Mwambie mtu aliyekulia karibu na bonde la magimbi achore jani la gimbi kwa kumbukumbu tu. Mara nyingi atachora moyo mkubwa, ataupasua juu, kisha atachomeka kikonyo kwenye ule mpasuko. Mchoro utapendeza, lakini jani hilo si la gimbi. Kikonyo cha gimbi hakifiki kwenye mpasuko. Kinalipokea jani kwa chini, ndani ya bapa lenyewe, na kutoka hapo mishipa mikuu hutawanyika: mmoja huelekea nchani, miwili hurudi kwenye mapanda ya juu. Kwa sababu ya mahali hapo pa kushikia, jani huning'inia. Ncha hutazama ardhi, mapanda hubaki juu. Jani ambalo kikonyo chake hushika kwenye mpasuko lipo, tena linalimwa Afrika Mashariki. Ni la Xanthosoma, mmea uliotoka Amerika ya kitropiki, ambao viazi vyake huliwa kama magimbi na wengi hawautofautishi. Alocasia, jamaa wa tatu, huliinua jani lake na mara nyingi huelekeza ncha juu. Mimea mitatu ina moyo uleule, na kila mmoja huusimamisha kwa namna yake.

Nimeanza na kikonyo kwa makusudi. Mimea hii, yote ya familia ya Araceae, huitwa na watunza bustani wa nchi nyingi masikio ya tembo, na watu wakiisikia tashbihi hiyo huikubali mara moja na kupita. Naona inastahili kusomwa kama mhakiki anavyoisoma tashbihi katika shairi zuri: inashika wapi, inapwaya wapi, na inapopwaya inatuonyesha nini ambacho tusingekiona bila kulinganisha. Darasani tulizoeshwa kuigawa kazi ya sanaa kati ya fani na maudhui, kana kwamba fani ni chungu na maudhui ni mchuzi. Mbele ya sikio la ndovu mgawanyo huo hausimami. Hakuna maudhui ya sikio yaliyokaa pembeni ya umbo lake. Unene wake, mahali lilipoota, njia za damu ndani yake, hali ya ukingo wake, hivyo ndivyo linavyofanya kazi na ndivyo linavyosema. Jani nalo ni vivyo hivyo. Kwa hiyo ninachouliza hapa ni kama vitu hivi viwili, vinavyofanana kwa mbali, bado vinafanana mtu akivisogelea.

Jicho huona kwanza mzunguko wa nje. Ndovu wa savana, Loxodonta africana, ana sikio ambalo kwa dume mkubwa hukaribia mita 2 kutoka juu hadi chini. Sehemu ya juu ni pana, hupanda kupita shingo na kulifunika bega. Kisha mstari wa nyuma hushuka ukiingia ndani kidogo kidogo mpaka kwenye pembe ya chini iliyochongoka. Ndovu wa msituni, Loxodonta cyclotis, ambaye mtaalamu wa wanyama Paul Matschie alimwelezea kisayansi mwaka 1900, ana sikio dogo zaidi na la mviringo. Ndovu wa Asia ana dogo kuliko wote wawili, na ukingo wake wa juu haupiti usawa wa shingo. Ukiziweka picha zao kando ya majani, sikio la savana ndilo linalokaa vizuri juu ya gimbi: upana juu, ncha chini, uzito wote umening'inia. Alocasia yenye ncha juu haifanani na sikio la ndovu yeyote, ingawa ndiyo inayouzwa kwa jina hilo katika vyungu vya sebuleni duniani kote. Wauzaji wa maua hawalijali hilo. Mimi nalijali, kwa sababu mwelekeo wa ncha ni sehemu ya umbo, na umbo lililopinduliwa ni umbo jingine.

Ukubwa nao una sababu zinazotofautiana. Mamothi wa manyoya, ambaye miili yake iliyoganda imefukuliwa Siberia, alikuwa na masikio yasiyofika sentimita 40. Mnyama wa ukoo mmoja na ndovu wetu, mwenye kimo kinachokaribiana na chake, aliishi kwenye baridi na sikio lake likapungua hadi likawa dogo sana kwa kichwa chake. Kwa ndovu, basi, ukubwa wa sikio hufuata joto. Jani la gimbi hufuata maji. Jani pana kiasi hicho likiwekwa kwenye jua kali bila maji ya kutosha hunyauka upesi, na ndiyo sababu gimbi hukaa kwenye vijito, mabondeni, kwenye mifereji ya Uluguru na kwenye mabonde ya Unguja na Pemba yanayotuama maji. Alocasia moja iliyopimwa Sabah, kwenye kisiwa cha Borneo, mwaka 1966, ilikuwa na jani la urefu wa takribani mita 3. Sabah ni nchi ya misitu ya mvua, na jani kama hilo lisingeweza kuota Dodoma.

Kuna hadithi ya kale ya Bara Hindi kuhusu vipofu walioletewa ndovu, kila mmoja akashika kiungo kimoja. Katika Udana, kitabu cha Kibudha, walioshika sikio wanasema ndovu ni kama ungo. Karne nyingi baadaye mshairi Jalaluddin Rumi aliisimulia upya katika Masnavi. Kwake hakuna vipofu, kuna nyumba yenye giza, na aliyegusa sikio anadhani ndovu ni upepeo. Hadithi hii husimuliwa ili kuonyesha upungufu wa wote walioshika kiungo kimoja tu. Ningependa kuwatetea walioshika sikio. Majibu yao ni bora kuliko ya wenzao, kwa kuwa ungo na upepeo ni vitu bapa ambavyo maana yake iko kwenye mwendo. Ungo uliotundikwa ukutani haujafanya kazi yake. Ukiwa mikononi mwa anayepeta, hutenganisha chuya na mchele kwa msaada wa hewa. Aliyeshika mguu akasema nguzo alipata umbo, akakosa kutembea. Aliyeshika sikio aligusa ngozi, akautaja upepo. Kama kuna msomaji wa umbo katika hadithi ile, ni yeye.

Na upepo huo unawezekana kwa sababu ya mahali sikio liliposhikwa. Gimbi limeshikwa kwenye nukta moja. Jani lake liko huru pande zote kuizunguka nukta hiyo, kwa hiyo upepo ukija linayumba, linainama, linazunguka kidogo na kurudi. Halina msuli; linatikiswa, halijitikisi. Sikio la ndovu limeshikwa kwa mstari mrefu, ukingo wake wote wa mbele, kuanzia juu ya fuvu hadi karibu na taya. Kwenye mstari huo kuna misuli, na ndani ya bapa kuna karatasi ya gegedu inayolipa ugumu wa kutosha lisianguke kama kitambaa na ulaini wa kutosha lisivunjike. Matokeo yake ni mlango wenye bawaba, unaofunguka kutoka kichwani na kufunga juu ya bega. Anayelichora sikio kama jani lililobandikwa kwenye shavu amelipa nukta mahali penye mstari, na kwa kosa hilo moja amemnyang'anya ndovu uwezo wa kupepea.

Mchana wa joto pale Amboseli ndovu akiwa amesimama kivulini hupiga sikio mbele na nyuma kwa utaratibu, bila haraka, na kila pigo husukuma hewa juu ya nyuso zote mbili za sikio. Upepo ukivuma wenyewe, wakati mwingine huupa mgongo na kuyakunjua masikio, ili hewa ipite nyuma ya masikio hayo. Uso huo wa nyuma ndio ninaotaka tuukazie macho. Watalii huuona mara chache, wachoraji karibu hawauchori, na ndio ukurasa wenyewe. Ngozi ya ndovu mahali pengine mwilini huwa nene kwa sentimita 2 na zaidi; nyuma ya sikio ni nyembamba kiasi kwamba mishipa huonekana imetuna waziwazi, ikigawanyika kuelekea ukingoni. Madaktari wa wanyama wanaomtibu ndovu aliyelazwa kwa dawa huitafuta mishipa hiyo kwanza wanapotaka kutoa damu.

Mtandao huo wa mishipa ndio hasa uliowafanya watu waone jani. Mshipa mkubwa hutoa matawi, matawi hutoa vijitawi, na pengo kati ya kijitawi na kijitawi hujazwa na vingine vidogo zaidi. Ukipiga picha ya nyuma ya sikio dhidi ya mwanga na picha ya jani la gimbi dhidi ya jua, utaona hesabu ileile ya kulisha bapa jembamba kutoka mahali pamoja. Tashbihi inashika hapa kuliko mahali pengine popote. Tena hapa ndipo inapogeuka nyuma-mbele, na nadhani hakuna sehemu ya jambo hili yenye utajiri kuliko hii.

Ndovu ana mwili mkubwa sana kwa ngozi aliyo nayo. Nyama nyingi inatengeneza joto ndani, na uso wa kulitolea nje ni mdogo ukilinganisha na nyama hiyo. Wala hatoki jasho kama sisi. Tezi za jasho zinazojulikana kwake ziko karibu na kucha za miguu. Anaweza kujimwagia maji, na nyufa za ngozi yake huyahifadhi kwa muda ili yakauke taratibu, lakini maji hayapatikani kila saa. Kwa hiyo damu yenye joto hupelekwa sikioni, hutandazwa kwenye bapa jembamba, hewa huipoza, kisha damu ileile hurudi mwilini ikiwa na ubaridi kidogo. Mwaka 1992 watafiti P. K. Phillips na J. E. Heath walichapisha vipimo vilivyofanywa kwa kamera za joto, wakaonyesha kwamba masikio yakipepea na mishipa yake ikitanuka yanaweza kubeba sehemu kubwa, na katika hali fulani karibu yote, ya joto ambalo ndovu analazimika kulitoa. Mishipa hiyo hutanuka na kubana kadiri ya haja. Asubuhi ya baridi sikio lilelile linaweza kuwa karibu na baridi ya hewa, kwa kuwa damu imezuiwa isifike mbali. Damu yote inayoingia sikioni inarudi. Sikio ni safari ya kwenda na kurudi.

Jani la gimbi halirudishi maji. Maji hupanda kutoka tope la bondeni kwa mirija ya kikonyo, husambazwa na mishipa, na sehemu kubwa hutoka kama mvuke kupitia matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Yanapotoka hulipoza jani. Kwa maneno mengine jani linatoka jasho, na sikio linalofanana nalo halitoki. Kinachorudi chini kwa njia nyingine ni sukari, iliyotengenezwa kwa mwanga, na hiyo ndiyo inayojaza kiazi tunachochimba. Sahani ya magimbi ya nazi, au nduma iliyochemshwa kwa chai ya asubuhi kule Kenya, ni kazi ya bapa lile la juu iliyoshushwa ardhini. Sikio halitengenezi chochote. Linapoteza joto, na hapa thamani yake iko katika kupoteza huko.

Kwa hiyo michoro miwili ya mishipa, inayokaribia kuwa sawa kwenye karatasi, inasomwa kwa mielekeo tofauti. Katika jani mstari wa maji unaanzia kikonyoni na kuishia hewani. Katika sikio kila mstari una mwenzake wa kurudi, ateri na vena, na ukisahau mmoja hujaisoma sentensi yote. Mhakiki anayesema fani hizi mbili ni moja ameangalia wino tu.

Maji yenyewe yanaonyesha tofauti hii kwa nje. Mimina maji juu ya jani la gimbi, nayo yatajikusanya kuwa matone ya mviringo, yatateleza na kuanguka, na jani litabaki kavu. Watoto wa vijijini wote wanaujua mchezo huo. Uso wa jani umefunikwa kwa vinundu vidogo sana na nta juu yake, na hewa inayonaswa kati ya vinundu hivyo huliinua tone lisiguse jani sawasawa. Alocasia inang'aa, gimbi limefifia, lina rangi ya unga wa kijani, na kufifia huko ni alama ya nta hiyo. Nalipenda gimbi zaidi kwa sababu hiyo, ingawa najua wapamba nyumba huchagua lenye kung'aa. Ndovu hufanya kinyume kabisa. Akifika mtoni huuchovya mkonga na kujirushia maji, masikio nayo yakilowa, kwa kuwa maji yanayokauka juu ya mishipa ile humpa ubaridi maradufu. Linalompa nafuu mmoja ndilo balaa la mwingine. Ugonjwa mkubwa wa majani ya magimbi, unaoletwa na Phytophthora colocasiae, huenea kwa maji yanayorushwa na mvua na kushamiri jani linapokaa na unyevu usiku kucha. Samoa ulifika mwaka 1993 na katika muda mfupi ukalivunja zao ambalo nchi ilikuwa inaliuza nje. Alfajiri, hata pasipo mvua, gimbi hudondosha maji nchani: ni maji yanayosukumwa na mizizi usiku, jani likiwa limefunga matundu yake, yakatafuta njia ya kutokea kwenye ncha. Ncha ile iliyochongoka, ambayo kwa ndovu ni pembe ya chini ya sikio tu, kwa gimbi ni mfereji.

Kitu kipana, laini na chenye maji mengi kinahitaji ulinzi. Gimbi limejaza ndani yake sindano ndogo mno za kalsiamu oksaleti. Anayelitafuna bichi huwashwa mdomo na koo, na ndiyo sababu kiazi na majani yake lazima vipikwe vikaiva. Wagujarati wa Afrika Mashariki, wanaoyapaka majani unga wa dengu, kuyakunja na kuyapika kwa mvuke ili kupata patra, wanaijua vizuri tahadhari hiyo. Sikio halina sindano. Ulinzi wake ni kuonekana. Ndovu anayekutazama usoni na kukunjua masikio yote mawili huongeza upana wa kichwa chake kwa zaidi ya mara mbili, na bapa lililokuwa feni dakika moja iliyopita linakuwa onyo. Madume walio katika musti, yaani msimu wao wa kutafuta majike, ambao watafiti Joyce Poole na Cynthia Moss waliwaelezea kisayansi kwa ndovu wa Afrika mwaka 1981 kutokana na kazi yao ya Amboseli, wana namna yao ya kulitikisa sikio ambayo madume wengine huielewa. Chombo kimoja kina usemi zaidi ya mmoja, na mwendo ndio unaoonyesha ni usemi upi.

Nimebakiza ukingo, na ndio ulionifanya niandike haya.

Geuza jani la gimbi ulitazame pembezoni. Mishipa ya pembeni haiishii kwenye ukingo. Kabla ya kufika inakutana na mshipa mwingine unaokimbia sambamba na ukingo, ukilizunguka jani lote, kama pindo lililoshonwa. Mpasuko unaoanzia nje hukutana na mshipa huo. Hata ukifaulu kuuvuka, jani halikai muda mrefu wa kuubeba. Baada ya wiki kadhaa linageuka manjano na kuanguka, na jingine limeshachomoza katikati likiwa limejiviringa, ukingo wake mzima. Mmea hauwekezi katika jani lolote kwa muda wa kutosha kiasi cha kulifanya liwe na historia.

Sikio la ndovu halina pindo hilo. Linazidi kuwa jembamba kadiri linavyoenda nje, na ukingoni ni ngozi mbili zilizokaribiana juu ya gegedu iliyokwisha. Mnyama huyo hupita kwenye vichaka vya miiba kwa miaka 60. Mwiba ukichana, pembe ya mwenzake ikitoboa, mtego wa waya ukikata, jeraha hupona lakini pande mbili hazirudi kuungana. Inabaki pengo la mviringo, au la pembe kali, au tundu, au kipande kizima kilichokwenda. Na kwa kuwa ni sikio lile lile kutoka kuzaliwa hadi kufa, kila pengo hukaa. Jani hubadilishwa. Sikio huandikwa.

Aliyelifanya jambo hili kuwa mbinu ya kazi katika Afrika Mashariki ni Iain Douglas-Hamilton, aliyekwenda Ziwa Manyara, Tanzania, katika miaka ya 1960 kuchunguza ndovu wa hifadhi ile ndogo iliyobanwa kati ya ziwa na ukingo wa Bonde la Ufa. Alitaka kumjua kila ndovu peke yake, na ili kumjua alipiga picha za masikio yaliyokunjuliwa, akasoma mapengo, matundu na mishipa. Cynthia Moss, aliyefanya kazi naye Manyara, alianza mradi wake Amboseli mwaka 1972, na kwa njia hiyohiyo familia za ndovu wa pale zimefuatiliwa kizazi baada ya kizazi. Echo, jike kiongozi aliyejulikana kwa filamu na vitabu hadi alipokufa mwaka 2009, alikuwa mmoja wa ndovu waliotambuliwa hivyo. Kadi ya mtafiti ina michoro miwili mitupu ya masikio, la kulia na la kushoto, na kazi ni kujaza ukingo. Watafiti wanausoma ukingo wakiwa wameshika wino, jua likiwa usoni, na ndovu akiwa amesimama umbali ambao si wa kufanyia mzaha. Sijui usomaji wa umbo ulio makini kuliko huo.

Kabla yao ndovu alisomwa kwa pembe. Katika maghala ya Bagamoyo na Unguja ya karne ya 19 pembe zilipimwa kwa frasila, takribani kilo 16, na bei ilitegemea uzito, ulaini na kasoro za ndani. Ndovu Ahmed wa Marsabit, aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta na kufa mwaka 1974, bado anakumbukwa kwa urefu wa pembe zake. Pembe humwambia mtu ndovu ana thamani gani. Sikio humwambia ni ndovu yupi. Kati ya maswali hayo mawili liko pengo kubwa la kimaadili, na umbo la pili lilikuwepo wakati wote, limekunjuliwa mbele ya kila msafara wa wawindaji, halikusomwa kwa sababu halikuuzika.

Ndiyo maana nina shaka na namna tunavyomchora. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kupaka rangi za mafuta zinazong'aa kwenye vibao vya mraba, Dar es Salaam, mwaka 1968, alimpa mnyama mmoja uwanja mzima, na hilo lilikuwa tendo la heshima kubwa. Wafuasi wake wamejaza maduka ya Morogoro Stores jijini humo na ufukwe wote kwa ndovu. Katika picha nyingi za namna hiyo ninazozifahamu sikio limezungushiwa mstari mmoja safi usiokatika, ndani yake nukta au mistari ya urembo. Mstari ni mzuri. Lakini ni ukingo wa gimbi: umeshonewa pindo, hauna mwiba uliowahi kupita. Vitabu vya shule navyo ni hivyohivyo, na hata nembo za mashirika yanayomlinda ndovu. Naelewa kwamba nembo inahitaji ndovu wa jumla. Mchoraji hahitaji. Anayemchora ndovu mmoja mzima kwenye ubao mmoja amekwisha kusema kwamba huyu ni mmoja, na pengo moja tu ukingoni lingelitimiza neno lake.

Ndama ndiye anayeupinga usomaji wangu, na ni haki asikilizwe. Anazaliwa na masikio yenye ukingo laini usio na doa, na kwa miaka ya mwanzo ukingo huo hausomeki kwa kuwa haujaandikwa. Watafiti humtambua kwa kumfuata mama yake. Akiwa mbali na mama yake, kati ya ndama wengine wa rika lake, ukingo haumsaidii mtu. Hapo msomaji hulazimika kuondoka pembezoni na kurudi ndani ya bapa, kwenye mishipa, kwa sababu mpangilio wa mishipa ya sikio hutofautiana kati ya ndovu na ndovu tangu mwanzo. Kwa hiyo kuna maandishi mawili sikioni: moja alilozaliwa nalo, lililoandikwa kwa damu inayokwenda na kurudi, na moja analoandikiwa na miiba, wenzake na watu. Ndama ana la kwanza tu. Kwa ndovu mzee la pili huweza kuwa kubwa kiasi cha kumeza sehemu ya la kwanza, kipande cha sikio kikiwa kimeondoka na mishipa yake.